Koleo la Kubinya: Jina na Chombo cha Kuunganisha Bomba la Shaba bila Moto

Katika uwanda wa Ufipa, ukimwambia jirani kwamba umenunua presi, atadhani unaanza biashara ya kukamua alizeti. Ana haki ya kudhani hivyo. Alizeti hulimwa sana mkoani Rukwa, na ile mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, yenye mpini mrefu wa kuinua na kushusha, ilibuniwa hapa hapa Tanzania miaka ya 1980 na mhandisi Carl Bielenberg. Mchapaji wa vitabu naye ana presi yake. Fundi bomba akisikia sauti hiyo hukumbuka presha, yaani msukumo wa maji ndani ya bomba, na bomba la presha analijua tangu siku yake ya kwanza kazini. Kifaa ninachokieleza hapa ni cha nne, na kikiachiwa jina hilo la kigeni kitaingia dukani kikiwa kimeshachanganywa na vitu vitatu visivyohusiana nacho.

Kazi yake ni kuunganisha bomba la shaba nyekundu, lile ambalo mafundi friji huliita kopa, bila gesi wala risasi ya kulehemia. Kiungio chake, kiwe elbo, tii au soketi, kina uvimbe mdogo mdomoni, na ndani ya uvimbe huo mmelala oringi, yaani pete ya mpira. Bomba huchomekwa hadi mwisho, koleo huukumbatia mdomo wa kiungio, taya zikafungwa kwa nguvu. Shaba ya kiungio na shaba ya bomba hubonyea pamoja, na hazirudi tena katika umbo lake la awali. Oringi inazuia maji kutoka. Ule mbonyeo wa shaba unalishika bomba lisichomoke. Ni kazi ya sekunde chache, na ikishafanyika haifunguliki. Ukikosea unakata kipande na kuanza na kiungio kipya.

Hapo kwenye kutofungulika ndipo pa kutafutia kitenzi. Kubana ndilo neno la kwanza kumjia mtu, lakini kinachobanwa huweza kuachiwa: kibanio cha nywele, kibanio cha nguo kambani. Kukaza ni kwa nati na thredi, na spana iliyokaza ndiyo hiyo hulegeza. Kukandamiza ni kusukuma kutoka juu kwenda chini, na siku hizi neno hilo limebeba siasa nyingi. Kuminya na kukamua hutoa kitu nje, maji ya chungwa au mafuta ya mbegu, wakati hapa hatutaki hata tone litoke. Kubinya ni kushika kitu kati ya ncha mbili na kukitia nguvu kutoka pande zote mbili mpaka kibonyee. Huo ndio mwendo wa taya za chombo hiki, kwa hiyo nachagua kubinya: kiungio cha kubinya, taya za kubinyia, na chombo chenyewe koleo la kubinya.

Koleo nalo si neno la kubuni. Ni chombo cha mhunzi tangu zamani, pamoja na nyundo, fuawe na mvukuto, na Ufipa ni nchi ya wahunzi. Kabla ya chuma cha kiwandani kuwafikia, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyofikia hata mita tatu na kuvuta hewa yenyewe bila mvukuto, kisha wakasafisha chuma hicho katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilihitaji mvukuto. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alizichunguza mbinu hizi wilayani Nkasi, pamoja na tanuri fupi za katukutu karibu na Ziwa Tanganyika. Panapo historia ya namna hii, kumpa fundi jina la kukopa kwa chombo chenye taya na mipini miwili ni kumnyima neno ambalo wazee wake walilifanyia kazi.

Baada ya jina, chombo chenyewe. Cha bei nafuu huja kwa namna mbili. Moja ni koleo la wenzo, lenye mipini mirefu kama mkasi mkubwa wa kukatia nondo. Nyingine ni la haidroli, lenye mpini mdogo unaopampu mafuta mara nyingi mpaka taya zikutane. Za betri nitaziacha, maana bei yake haiko katika mazungumzo haya, ila nguvu zake zinasaidia kupima hizi za mkono. Mashine kubwa za betri husukuma kwa takriban kilonyutoni 32, sawa na uzito wa zaidi ya tani tatu. Mtu akitia nguvu ya kilo 30 mwishoni mwa mpini wa sentimita 60, na taya ziko sentimita 2 kutoka kwenye egemeo, wenzo humpa mara thelathini: kilo 900 hivi. Viungo vya ziada ndani ya koleo huiongeza nguvu hiyo, lakini ina mpaka. Ndiyo sababu koleo la wenzo hutosha bomba la milimita 15 na 22, kwa baadhi hadi 28, na muuzaji akikuahidi kwamba linabinya milimita 54 kwa mikono mitupu, mwache na bidhaa yake.

Kosa linalowapotezea watu fedha zaidi halihusu nguvu. Linahusu umbo la taya. Kila kampuni ya viungio huamua taya zibonyeze wapi. Taya za umbo V hubinya pande zote mbili za ule uvimbe wa oringi. Za umbo M hubinya uvimbe wenyewe na nyuma yake. Yako pia B na mengine. Kampuni ya Viega ya Ujerumani, iliyoleta viungio vyake vya Profipress vya shaba mwaka 1995, hutumia V. Mapress ya Geberit hutumia M. Ukibinya kiungio cha V kwa taya za M kinaweza kupita jaribio la asubuhi na kuvuja baada ya miezi, ukuta ukiwa umeshapigwa plasta.

Tena makoleo mengi ya bei ya chini yanayouzwa hayakutengenezwa kwa shaba kabisa. Ni ya mabomba ya plastiki yenye utando wa alumini ndani, na taya zake zina umbo TH au U. Yatambue kwa namba. Taya zikiwa za 16, 20, 26 na 32, hilo ni koleo la mabomba ya plastiki. Shaba ya vipimo vya Ulaya ni 12, 15, 18, 22, 28. Ukiona 16 karibu na 15 usiseme tofauti ni ndogo, kwa sababu milimita moja katika kazi hii ni kubwa mno. Vivyo hivyo kwa kopa ya friji na kiyoyozi, inayouzwa kwa inchi: ile ya inchi tano kwa nane ina kipenyo cha nje cha milimita 15.9, na haiingii katika kiungio cha 15. Beba kalipa dukani. Usikubali kupima kwa jicho.

Rangi ya oringi pia husomwa. Nyeusi, ya mpira wa EPDM, ni ya maji baridi na moto, hadi nyuzi 110 hivi. Njano, ya HNBR, ni ya gesi. Hili lina uzito kwetu kwa sababu ya baridi ya uwanda huu. Ufipa iko juu ya mita 1,500, sehemu nyingine zinapita 2,000, na Juni na Julai nyumba ya wageni au bweni lenye hita ya sola juu ya paa ni faraja kubwa. Lakini maji yakisimama ndani ya paneli mchana wa jua kali, joto la shaba iliyo karibu nayo laweza kupita mbali kiwango cha oringi nyeusi. Upande huo wa paneli tumia viungio vyenye oringi ya FKM iliyoruhusiwa na mtengenezaji, au lehemu. Oringi nyeusi iache kwa bomba linaloshuka bafuni. Mabomba ya oksijeni ya hospitali usiyaguse kwa viungio vya kawaida vya kubinya. Yana kanuni zake na mafundi wake.

Faida ya kubinya naiona zaidi katika ukarabati. Risasi ya kulehemia haishiki bomba lenye maji, na valvu ya zamani isiyofunga vizuri humchosha fundi kutwa nzima. Kiungio cha kubinya hakijali matone machache. Hakihitaji kubeba mtungi wa gesi kutoka mjini Namanyere au Sumbawanga, wala kuwasha moto chini ya paa la mbao. Gharama yake iko kwenye viungio, ambavyo kimoja kimoja ni ghali kuliko vya kulehemu. Kwa fundi anayeunganisha shaba mara moja kwa mwaka, risasi na tochi bado ni nafuu, na ningemshauri abaki nazo.

Mwenye kazi ya mara kwa mara aanze na viungio. Aulize Sumbawanga, au kwa mtu anayeagiza Kariakoo, ni umbo gani linapatikana mwaka mzima, ndipo anunue koleo la wenzo lenye taya za umbo hilo kwa 15 na 22 tu. Koleo liwe na kizuizi kisichoruhusu taya kufunguka kabla hazijakutana, maana mbinyo wa nusu ndio chanzo cha uvujaji. Kata bomba kwa kikata bomba, lainisha mdomo ndani na nje, weka alama ya kina kwa kalamu kabla ya kuchomeka, na baada ya kubinya angalia kama alama haijasogea. Jaribu kwa presha ndogo kwanza, kisha kubwa.

Kwa wauzaji wa vifaa nina ombi moja: andikeni kwa Kiswahili juu ya kasha, kwa herufi kubwa, koleo la kubinya ni la bomba gani, umbo gani na milimita ngapi.