Viwimbi vya umeme Kajiado: Ngong 1993 hadi Kipeto 2021

Leo naweka Java pembeni tuzungumze umeme. Nikiwa Kitengela siku isiyo na mawingu naviona vilima vya Ngong. Huko, mwaka 1993, Ubelgiji iliipa Kenya mitambo miwili ya upepo. Mitambo ya enzi hizo kwa kawaida ilizunguka kwa mwendo mmoja, jenereta ikiungwa moja kwa moja kwenye gridi. Upepo ukija kwa vishindo, nyaya nazo zilivihisi.

Mwaka 2009 KenGen ikasimamisha Vestas V52 sita, megawati 5.1. Hizi hufuata mwendo wa upepo, kwa kuwa rota yake inalishwa na konveta. Hapa sasa ndipo penye utamu! Katikati ya konveta umeme ni wa DC, kama wa betri, ila si laini: swichi huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, zikiacha viwimbi vya volti na mkondo. Kapasita huvimeza, nazo hupata joto. Kapasita ya elektroliti ikizidi nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi.

Ukiharakisha swichi viwimbi hupungua, lakini swichi zenyewe huchemka. Mimi napenda kupishanisha: matawi mawili ya swichi, moja likichelewa nusu mzunguko, kilele cha hili kikutane na bonde la lile. Programu ndiyo inayopanga zamu.

Kipeto, mitambo 60 na megawati 100, ilianza kuuza umeme 2021 kupitia Isinya, jirani zetu. Kwenye paa za Kitengela mambo ni magumu zaidi: inveta ya fezi moja hutikisa DC mara 100 kwa sekunde, na kupishanisha swichi hakuondoi hilo. Hapo inabaki kapasita kubwa, chini ya bati la moto.