Ukoo wa Livingstone: kutoka kisiwa cha Ulva mpaka kwetu Bagamoyo

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana kweli kweli, lakini nina siku tatu za mapumziko na leo ninataka niwasimulie habari ya ukoo wa watu. Ukoo wenyewe si wetu (huko tutafika mwishoni, msiondoke!), bali ni wa mtu ambaye sote tumekua tukipita chini ya mnara unaoitwa kwa jina lake pale misheni: David Livingstone.

Jambo lilianza hivi. Binti yangu alipewa kazi shuleni, achore ukoo wake kuanzia yeye kurudi nyuma. Watoto wa Kiskoti walikwenda na vizazi vitano, sita, wengine saba. Wa kwangu alikwenda na vitatu, na cha tatu chenyewe kilikuwa na mapengo. Huku Uskoti kutafuta nasaba ni kama ugonjwa wa taifa, ila ni ugonjwa mzuri. Wodini ninapofanya kazi, mzee akishapata nafuu kidogo anaanza kunisimulia babu yake alikuwa mchimba makaa wa wapi na bibi yake alitoka kisiwa gani. Nikajiuliza, hawa wanajuaje? Nikaamua kufuata ukoo mmoja unaojulikana, nione unavyofuatwa.

Kwanza niwaeleze siri yao. Tangu tarehe 1 Januari 1855 sheria ya Uskoti inataka kila kizazi, ndoa na kifo kiandikishwe serikalini. Na cheti cha kifo cha huku kinamtaja baba wa marehemu, mama yake, na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Yaani mtu akifa, kifo chake kinakufungulia mlango wa kizazi kilichotangulia. Sisi wauguzi tunajua uzito wa karatasi ile, lakini sikuwahi kufikiria kwamba ni zawadi kwa vitukuu! Kabla ya 1855 unarudi kwenye daftari za kanisa, ambazo kongwe kuliko zote, ya parokia ya Errol, ilianza 1553. Halafu kuna sensa, kila baada ya miaka kumi, ambayo majina yake yamehifadhiwa tangu 1841 na hufunguliwa kwa umma ikishatimiza miaka 100. Vingi vya hivi unavipata kwenye tovuti ya ScotlandsPeople au ukienda mwenyewe Edinburgh.

Wana pia desturi ambayo mtaifurahia, maana ni kama yetu. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wa kwanza wa kike jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Si wote wanaofuata, lakini anayetafuta ukoo hupata dalili hapo.

Haya, sasa twende kwa Livingstone.

Kizazi cha kwanza tunachoweza kukishika ni baba wa babu yake. Huyu aliuawa katika vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, akipigania ukoo wa wafalme wa zamani, yaani Stuart. Habari hiyo David mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha 1857, na aliipata kwa babu yake, kwa mdomo. Hapo ndipo niliposhtuka. Mimi nilidhani Wazungu hawa kila kitu ni karatasi. Kumbe babu yake David, mzee Neil, aliweza kuhadithia maisha ya wahenga wake vizazi sita kabla yake, kwa kumbukumbu ya kichwa tu! David anaandika kwamba alipokuwa mdogo alipenda sana kumsikiliza, na kwamba hadithi nyingi za babu zilifanana ajabu na zile alizokuja kuzisikia akikaa kando ya moto jioni huku Afrika. Na bibi yake alikuwa akiimba nyimbo za Kigaeli. Sasa niambieni, tofauti yao na sisi iko wapi hapo?

Kizazi cha pili ndicho cha huyo mzee Neil. Alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, kando ya kisiwa cha Mull upande wa magharibi. Shamba halikutosha kulisha familia, hivyo mwaka 1792 akahamia Blantyre, kando ya mto Clyde karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha kusokota pamba. Wanawe wengine waliingia jeshini na baharini wakati wa vita na Wafaransa. Ni hadithi ya kila ukoo: shamba limekuwa dogo, watu wanatafuta kazi mjini. Waliobaki Ulva hali yao ilikuwa mbaya zaidi, maana miaka ya 1840 na kuendelea mwenye kisiwa aliwafukuza wapangaji ili afuge kondoo. David alizuru huko mwaka 1864 akakuta watu wachache tu. Mpaka leo kisiwa kina magofu ya nyumba zisizo na mapaa. Mwaka 2018 wananchi wa pale walikinunua kisiwa kiwe mali ya jamii.

Jina la ukoo nalo lina mambo yake. Maelezo mojawapo ya asili ya jina la Kigaeli la akina Livingstone wa pande zile ni Mac an Lèigh, maana yake mwana wa tabibu. Nilicheka niliposoma hilo, kwa kuwa mjukuu wao naye alikuja kuwa daktari. Tena familia hii kwa miaka mingi iliandika Livingston bila herufi e mwishoni. Anayetafuta kwa jina moja tu anawapoteza.

Kizazi cha tatu ni Neil mdogo, baba yake David, mwuza majani ya chai, aliyemwoa Agnes Hunter, binti wa fundi cherehani. Baba yake Agnes aliitwa David, na hilo ndilo jina alilopewa mtoto wa pili wa kiume. Umeona desturi inavyofanya kazi!

David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda liitwalo Shuttle Row. Familia 24 zilikaa humo, kila moja katika chumba kimoja. Jengo lile sasa ni makumbusho. Akiwa na miaka kumi David aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha anakwenda darasani mpaka saa nne. Na pamba yenyewe ilitoka wapi? Ng'ambo, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Makumbusho hawalifichi hilo.

Sasa kuna jambo ambalo mimi kama mtu wa ughaibuni lilinigusa. Nimewaambia kuhusu sensa. David aliondoka Uingereza Desemba 1840. Sensa ya 1841 haikumkuta, ya 1851 haikumkuta, ya 1861 haikumkuta, ya 1871 haikumkuta. Mara zote nne alikuwa Afrika! Mtu maarufu kuliko wote katika ukoo ule, na hakuna sensa hata moja ya Uskoti yenye jina lake. Nikakumbuka kwamba hata sensa yetu ya Agosti 2022 haikunikuta mimi nyumbani. Tunaoondoka tunapotea kwenye hesabu. Wanaobaki ndio wanaotutunza kwa kututaja.

Kizazi cha tano ni watoto wake aliozaa na Mary Moffat. Mary alikuwa binti wa Robert Moffat wa Ormiston, aliyeanza kama mtunza bustani kisha akawa mmisionari, na alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821. Mary aliishi maisha magumu sana, kina mama mtanielewa. Mimba safarini, mtoto mchanga Elizabeth alifariki mwaka 1850 akiwa na wiki sita tu, kisha miaka ya kukaa Uingereza na watoto bila mume. Alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862, na kaburi lake liko kule Msumbiji. Mtoto wa mwisho, Anna Mary, alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1864 akiwa na miaka mitano. Thomas alifia Misri mwaka 1876. Oswell akawa daktari. Na Robert, mtoto wa kwanza, alikwenda Marekani akaingia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa jina la bandia Rupert Vincent, asije akaliaibisha jina la baba. Alitekwa, akafia kambini Salisbury, North Carolina, mwishoni mwa 1864, na miaka 18 tu. Ukoo uliokula jasho la pamba ya watumwa, mtoto wake akafa kwenye vita vilivyoukomesha utumwa ule.

Kizazi cha sita ndicho kilichoninyima usingizi. Agnes, binti wa David, aliolewa na Alexander Low Bruce, tajiri wa kiwanda cha bia Edinburgh. Bruce alipata ardhi kubwa katika nchi ambayo leo ni Malawi, na baada ya kifo chake mwaka 1893 mali ile ikawaangukia wanawe. Shamba la Magomero lilikuwa na zaidi ya ekari 160,000. Wenyeji waliokaa humo walilazimika kulipa pango kwa kazi, mfumo ulioitwa thangata, na walitendewa vibaya. Januari 1915 mchungaji John Chilembwe akaongoza uasi, na meneja wa shamba, William Jervis Livingstone, akauawa. Chilembwe naye alipigwa risasi Februari 3.

Jamani, hesabuni vizazi. Mzee Neil aliondoka Ulva kwa kukosa ardhi ya kutosha. Vilembwe wake wakawa wenye ardhi wa kuwatesa watu waliokosa ardhi. Huku mjukuu mwingine wa David, Hubert Wilson, mtoto wa Anna Mary, alikuwa daktari wa hospitali ya misheni Chitambo, Zambia, sehemu ile ile alikofia babu yake. Damu ni moja, njia ni mbili. Ndiyo maana simwamini mtu anayenionyesha ukoo wenye mashujaa watupu.

Tena Magomero hiyo ina habari nyingine inayotufikisha kwetu. Mwaka 1861 Livingstone na wamisionari wenzake waliwakomboa watumwa, wakawapeleka Magomero hiyo hiyo. Kati yao alikuwemo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma. Huyu, pamoja na Susi wa Shupanga, ndio waliokuwa wakuu wa msafara Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili, na wao na wenzao wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi kwetu Bagamoyo, Februari 1874. London ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba mwaka 1844. Mnajua nimeshawahi kuandaa maiti nyingi katika kazi hii, nami nawaambia, kazi waliyoifanya wale watu bila hospitali wala dawa za kisasa ni ya kuvuliwa kofia. Susi alipobatizwa mwaka 1886 alichukua jina la David. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891.

Sasa tazameni. Vizazi sita vya Livingstone nimevipata nikiwa nimekaa jikoni na kikombe cha chai. Chuma na Susi hawana daftari la parokia wala sensa ya 1841 itakayotupeleka kwa babu wa babu zao. Ukoo wao ulikuwa vichwani mwa wazee, na biashara ya utumwa iliwatenganisha na wazee hao. Sisi hatujatenganishwa. Bibi yupo, ana akili timamu, na anajua majina kupita daftari lolote.

Kwa hiyo ombi langu, hasa kwako Mama Mdogo, na nyinyi binamu zangu mnaoshika simu usiku kucha: kaeni na Bibi. Si siku moja, kidogo kidogo, asichoke. Muulizeni mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake. Walitoka wapi kabla ya kuja pwani, kwa nini walihama, nani alifia wapi. Muulizeni pia yale yasiyopendeza, nani alidhulumu shamba la nani, kama anataka kusema. Rekodini sauti yake, kisha andikeni kwenye daftari, kwa wino, pamoja na tarehe mliyoandika. Mzee Neil alikuwa na mjukuu wa kumsikiliza, ndiyo maana leo tunajua habari za mtu aliyekufa 1746.

Daftari likishajaa mnitumie picha za kurasa. Binti yangu ameacha nafasi kwenye mchoro wake, amepiga mistari kwa penseli, anasubiri majina.

Nawapenda sana. Msalimieni Bibi, mwambieni nampigia Jumapili baada ya zamu.