Faskhi na Talaka Katika Sheria za Pwani

Faskhi, neno la asili ya Kiarabu, ni kuvunjwa kwa ndoa kwa hukumu ya kadhi. Talaka hutoka kinywani mwa mume. Katika khului mke hujikomboa kwa mali, mume akiridhia. Bali faskhi haingoji ridhaa yake. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, sababu zake ni kama wazimu, ukoma, uhanithi na mume kushindwa kumlisha mkewe. Hanithi hupewa muhula wa mwaka mmoja, majira yote yampitie. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara nayo imetaja uhanithi na wazimu. Faskhi haihesabiwi katika talaka tatu. Basi aifasiriye kuwa talaka humfichia mwanamke haki yake.