Dakika Kumi na Tano

Dada yangu aliumwa na nyuki tukiwa shags, siku moja kabla ya Krismasi. Nyuki mmoja tu, shingoni. Tukamcheka. Msichana wa Nairobi, tukasema, nyuki mmoja anamliza! Muda si muda viganja vikaanza kumwasha, midomo ikavimba, akasema tumbo linamsokota. Kisha akaanguka karibu na zizi.

Mjomba akapaza sauti, "Msimamisheni apate hewa!" Tukamwinua, mimi bega la kulia, binamu yangu la kushoto. Macho yakamgeuka, shingo ikalegea. Jirani akaleta pikapu, lakini kiti cha mbele kilikuwa kimejaa vitu vya sikukuu, kwa hivyo tukamlaza nyuma. Kwenye zahanati muuguzi alimdunga sindano pajani bila kuuliza maswali mengi. Baada ya dakika chache dada akauliza viatu vyake viko wapi.

"Nani alimlaza?" muuguzi akaniuliza baadaye. Nikamwambia habari ya kiti cha mbele. "Basi kishukuruni hicho kiti," akasema, akaenda zake.

Maneno hayo hayakuniacha. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma, usiku baada ya usiku, simu ikiwa kwa chaja.

Hadithi inaanzia baharini. Mwaka 1901, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe wa bahari. Walipofika nyumbani waliendelea na sumu ya anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua. Walitarajia kwamba mbwa akipewa sumu kidogo, mwili wake utajifunza kuistahimili. Mbwa mmoja, Neptune, alipewa dozi ya kwanza na hakudhurika sana. Wiki chache baadaye wakampa dozi ndogo. Akafa chini ya nusu saa.

Yaani kile walichodhani ni kinga kiligeuka kuwa mtego. Mwaka 1902 walichapisha matokeo na kuyapa jina kutoka Kigiriki, anafilaksisi, kinyume cha ulinzi. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Niliposoma hapo nikakumbuka kwamba dada aliwahi kuumwa na nyuki tukiwa wadogo. Kidole kilivimba, akalia, yakaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa dozi yake ya kwanza.

Cha ajabu ni kwamba dawa ilipatikana karibu wakati huohuo. Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1901 kwamba amefaulu kutoa adrenalini safi kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za wanyama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye sindano ya muuguzi. Hubana mishipa ya damu iliyolegea, hufungua njia ya hewa, huupa moyo nguvu.

Sasa kama dawa ina zaidi ya miaka mia, mbona watu bado wanakufa? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Richard Pumphrey, daktari wa kinga ya mwili kule Manchester, Uingereza. Wengine huandika kuhusu waliopona. Yeye alikusanya habari za waliokufa, kifo kimoja kimoja, tangu 1992. Katika makala yake ya mwaka 2000 alipima muda kutoka kugusana na kitu chenye madhara hadi moyo au pumzi kusimama. Kipimo cha katikati kilikuwa dakika 30 kwa chakula, 15 kwa kuumwa na mdudu, na 5 kwa dawa zinazotolewa hospitalini. Wengi wa waliokufa walipewa adrenalini, asilimia 62. Lakini waliopewa kabla moyo haujasimama walikuwa asilimia 14 tu. Dawa ilikuwepo, ila ilichelewa.

Mwaka 2003 akachapisha makala nyingine, na hii niliisoma nimesimama jikoni. Ilihusu mkao. Baadhi ya wale waliokufa walikuwa wamelala, kisha wakaketi au wakasimamishwa, wakafa papo hapo. Mishipa ikilegea, damu hushuka miguuni na moyo hubaki hauna cha kusukuma. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa na miguu ikainuliwa. Anayehema kwa shida anaweza kukaa, lakini asisimamishwe, asitembezwe, hata kama anasema yuko sawa.

Nilikaa na habari hiyo wiki mbili kabla ya kumpigia mjomba. Sikutaka ajione mkosaji, maana bega la kulia nililishika mimi. Nikamweleza polepole. Kimya.

"Mimi nilitaka apate hewa," akasema mwishowe.

"Najua, mjomba. Hata Richet alitaka kumkinga yule mbwa."

"Nani?"

Nikamsimulia yote, kuanzia melini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama dada atakuja Desemba. Nikasema atakuja, na sindano yake kwenye mkoba.

"Mwambie mizinga nimeshaihamisha," akasema. "Iko ng'ambo ya mto. Na jirani nimemwambia, kiti cha nyuma kiwe wazi siku zote."