Tabiamwili

Mkulima wa kahawa wa Litembo, huko Umatengo, mvua zikichelewa, atataja mabadiliko ya tabianchi. Neno limezoeleka hata hatushangai kusikia kwamba nchi nayo ina tabia, wala hakuna anayeilaumu kwa tabia hiyo. Humo tabia ni maumbile, si mwenendo. Maana hiyo ni kongwe: kwa neno hilohilo la Kiarabu wafasiri wa Baghdad wa karne ya 9 waliifasiri fisisi ya Wagiriki, yaani maumbile. (Tabibu hahusiki, mzizi wake ni mwingine, ingawa sikio hudanganyika.)

Naanzia hapo kwa sababu ya istilahi inayowasumbua wafasiri wa falsafa: temperamenti. Waganga wa Kigiriki walihesabu viowevu vinne mwilini, yaani damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, kila kimoja na joto au baridi yake, unyevu au ukavu wake. Namna vilivyochanganyika ndani ya mtu, ndiyo temperamenti yenyewe, waliiita krasisi. Waarabu wakasema mizaji. Bibi anayelalamikia baridi yabisi magotini anatumia hesabu hiyo bila kujua: baridi, tena kavu. Kitabu kimoja cha jadi ya Hippocrates kiliongeza hewa na maji ya mahali. Mwandishi wake angefurahia safari ya kushuka kutoka Umatengo wenye baridi hadi joto la Mbamba Bay ziwani, na nahofia angetoa hukumu za ovyo juu ya Wamatengo na Wanyasa.

Baadaye tabibu Mgiriki Galen akadai kwamba nguvu za nafsi hufuata mchanganyiko wa mwili. Mwaka 1575 daktari Mhispania Juan Huarte aliitumia hoja hiyo kupambanua nani anafaa kusomea nini. Mwanafalsafa Descartes naye, mwaka 1637, aliandika kwamba akili hutegemea mno temperamenti na hali ya viungo, hivyo njia ya kuwaongezea watu hekima, kama ipo, itafutwe katika tiba. Basi mwenye hasira apelekwe kwa wazee au zahanati?

Ukiifasiri temperamenti kwa "tabia" tupu umeliua swali, maana mtu wa tabia mbaya barazani keshahukumiwa. Hulka inakaribia, ila haibebi joto wala unyevu, vitu ambavyo mganga alidhani angevirekebisha kwa chakula. Napendekeza tabiamwili, pacha wa tabianchi. Kasoro yake naiona: msomaji mwenye haraka atadhani ni mambo ya ulevi na uzinzi. Kwa hiyo lipewe tanbihi linapojitokeza mara ya kwanza, kisha liachwe litembee lenyewe.