Daftari la Sumu

Dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja. Kipimo ndicho kinachowatenga. Kwa sababu hiyo muuza dawa hana budi kuwa mlinzi pia. Historia ya Uingereza yaonyesha jinsi ulinzi huo ulivyojengwa, na jinsi ulivyopenywa.

Katikati ya karne ya 19 aseniki iliuzwa huko kwa bei ndogo ili kuulia panya. Unga wake ulikuwa mweupe kama sukari, wala haukuwa na ladha ya kumwonya mlaji. Basi wako waliounua ili kuulia watu. Mwaka 1851 sheria ilimlazimu muuzaji kuandika katika daftari tarehe, jina la mnunuzi, makao yake, kazi yake, kiasi alichonunua na haja aliyonayo. Asiyejulikana hakuuziwa ila mbele ya shahidi anayejulikana na muuzaji. Mwaka 1868 uuzaji wa sumu uliachiwa wafamasia walioandikishwa, na afyuni ikatiwa katika orodha. Mwaka 1920 ikaja sheria ya mofini, heroini na kokeini, na cheti cha daktari kikawa ndicho ufunguo wa kabati.

Lakini ufunguo huweza kushikwa na mwovu. Daktari Harold Shipman alitiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi vyeti vya pethidini, akatozwa faini, kisha akarudi kazini. Baadaye, katika mji wa Hyde, aliandika vyeti vya heroini ya tiba kwa majina ya wagonjwa, akaichukua dawa mwenyewe dukani, akawadunga watu hata wakafa. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa mauaji ya watu 15. Uchunguzi rasmi ulithibitisha mwaka 2002 kwamba aliwaua 215.

Vyeti vile vilikuwa na sahihi ya daktari wa kweli, na daftari la duka lilijazwa. Lililopungua ni swali: kwa nini daktari aje mwenyewe kuchukua dawa ya mgonjwa, tena mara kwa mara? Tangu mwaka 2006 kanuni za huko zamtaka mfamasia ajue anayechukua dawa ya namna hii ni mgonjwa, mjumbe wake, au mtabibu. Na cheti chake hakitumiki baada ya siku 28.

Mfamasia aulizaye huonekana msumbufu. Heri usumbufu wake, kwa maana daftari huhifadhi habari ya dawa iliyokwisha kutoka. Awezaye kuizuia isitoke ni yeye.