Kongo kwa K ao Congo kwa C? Safari ndefu ya jina la inchi

Mkongomani anayefika ugenini, iwe Kampala, Nairobi ao Marekani, hupewa karatasi za kujaza kwa Kiingereza. Penye inchi ya kuzaliwa anatafuta herufi C, anakuta «Congo», anaweka alama na kusonga mbele. Hapo kosa linaweza kuanza. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa kwa Kiingereza, «Congo» peke yake ni inchi ya Brazzaville. Inchi ya Kinshasa iko kwenye herufi D: «Democratic Republic of the Congo». Mtu wa Uvira ao wa Beni anaweza basi kuandikwa mzaliwa wa inchi ambayo hajaikanyaga hata siku moja, na kusahihisha karatasi kama hiyo si kazi ya siku moja.

Ili kuelewa namna inchi mbili zilivyojikuta na jina moja, na kwa nini wengine wanaliandika kwa K na wengine kwa C, inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 500.

Kalamu ya Wareno

Mwaka wa 1482 baharia Mreno Diogo Cão alifika mahali ambapo mto mkubwa unaingia katika bahari ya Atlantika. Alisimamisha pale nguzo ya jiwe yenye alama ya mfalme wake. Hakukuta pori tupu. Alikuta ufalme wenye mji mkuu, majimbo na kodi: Ufalme wa Kongo. Mji mkuu uliitwa Mbanza Kongo, na leo uko kaskazini mwa Angola. Wenyeji ni Bakongo, lugha yao Kikongo.

Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka wa 1491 na kupewa jina João. Mwanawe Afonso aliwaandikia wafalme wa Ureno barua nyingi kwa Kireno. Katika Kireno, sauti ya K mbele ya O huandikwa kwa C. Kwa hiyo jina likawa «Congo» kwenye karatasi. Sauti haikubadilika. Kilichobadilika ni kalamu.

Waingereza hawakulisikia jina hilo kwa Bakongo wenyewe kwanza. Walilisoma. Mwaka wa 1591 Filippo Pigafetta alichapisha kule Roma, kwa Kiitaliano, kitabu kuhusu ufalme huo, kufuatana na habari alizopewa na Mreno Duarte Lopes. Kiitaliano nacho huandika sauti hiyo kwa C. Mwaka wa 1597 Abraham Hartwell alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, akaliacha jina kama alivyolikuta. Kiingereza kina herufi K na kingeweza kuitumia. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuvaa nguo za Kireno na Kiitaliano, na hakuna aliyeona sababu ya kulivua.

Mto wenye majina mawili

Bakongo waliuita mto wao *nzadi*, maana yake mto mkubwa. Masikio ya Wareno yalishika neno hilo vibaya kidogo, wakaandika «Zaire». Mshairi wao Luís de Camões, katika utenzi wake mkubwa uliotoka mwaka wa 1572, anataja yote mawili: Congo ni ufalme, Zaire ni mto.

Polepole jina la ufalme likaumeza mto. Mwaka wa 1816 serikali ya Uingereza ilimtuma nahodha James Tuckey kupanda mto huo. Alifia huko pamoja na wenzake wengi. Kitabu cha safari yake kilitoka mwaka wa 1818, na juu ya jalada mto unaitwa Zaire, kisha inaelezwa kwamba kwa kawaida watu wanauita Congo. Kumbe tangu wakati huo kwa Waingereza Congo lilikuwa jina la mto zaidi kuliko la ufalme. Ndiyo sababu hata leo wengi wao huweka kijineno «the» mbele yake, jinsi wanavyofanya kwa mito, na kijineno hicho kimebaki hadi ndani ya jina rasmi la inchi.

Jina linapanda mto

Wakati huo wote, mashariki hakuna aliyelijua jina hilo. Watu wa Maniema waliuita mto wao Lualaba. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871, alidhani maji yale huenda yakawa ya Nili. Novemba 1876 Stanley aliondoka Nyangwe akiwa pamoja na Tippu Tip na watu wake, ambao walimsindikiza sehemu ya njia tu. Agosti 1877 Stanley alitokea Boma, karibu na bahari. Lualaba na Congo vilikuwa mto mmoja. Stanley alijaribu kuupa jina la Livingstone, lakini jina hilo halikushika.

Kisha mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akaingia. Baada ya mkutano wa Berlin, uliofungwa Februari 1885, alipata dola lake mwenyewe. Kwa Kifaransa liliitwa dola la Congo «lenye kujitegemea», na kwa Kiingereza «Congo Free State», yaani dola huru. Wenyeji waliolazimishwa kutafuta mpira msituni hawakuuona uhuru huo wala huko kujitegemea. Mwaka wa 1908 inchi ikawa koloni la Ubelgiji.

Hivyo jina lililozaliwa penye mlango wa bahari lilipanda mto hadi Katanga, Kivu na Ituri, likafunika watu ambao mababu zao hawakuwahi kumtii mfalme wa Mbanza Kongo. Bakongo wenyewe waligawanywa kati ya Wareno, Wafaransa na Wabelgiji. Mbanza Kongo, mji uliolizaa jina, ukaachwa nje ya Kongo zote mbili.

Inchi mbili, jina moja

Tarehe 30 Juni 1960 koloni la Ubelgiji lilipata uhuru kwa jina la Jamhuri ya Kongo. Tarehe 15 Agosti mwaka uleule, koloni la Ufaransa ng'ambo ya mto likapata uhuru wake kwa jina lilelile. Ikabidi watu waongeze jina la mji mkuu: Congo-Léopoldville na Congo-Brazzaville. Katiba ya mwaka wa 1964, ile ya Luluabourg, ndiyo iliyoleta neno «Kidemokrasia» upande wa Léopoldville. Mwaka wa 1966 mji huo ukawa Kinshasa.

Tarehe 27 Oktoba 1971 Raisi Mobutu alibadili jina la inchi kuwa Zaire. Mto nao ukaitwa Zaire, na feza zilikuwa zinaitwa hivyo tangu mwaka wa 1967. Raia walisema «Z tatu». Nia ilikuwa kurudi kwenye asili na kuondoa alama za mkoloni. Lakini jina lililochaguliwa lilikuwa lilelile ambalo Wareno walikosea kulitamka karne nyingi kabla. Kifaransa kiliweka nukta mbili juu ya herufi I, Kiingereza kikaziacha. Faida moja ilikuwepo kweli: kwa miaka zaidi ya 25, hakuna aliyeichanganya inchi hii na Brazzaville.

Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, na jina la mwaka wa 1964 likarudi. Zaire halikufa lote. Angola ina jimbo linaloitwa Zaire, na mji wake mkuu ni Mbanza Kongo. Aina ya Ebola iliyotambuliwa Yambuku mwaka wa 1976 ilipewa jina la Zaire, na ndiyo iliyoua watu wengi Kivu ya Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020.

Basi ni K ao C?

Zote mbili ni sawa, kila moja mahali pake. Kiswahili huandika Kongo kwa K kwa sababu herufi C katika Kiswahili haisimami peke yake. Inatembea na H. Kifaransa na Kiingereza huandika Congo kwa C. Wanahistoria wengi wanaoandika Kiingereza siku hizi wameongeza kanuni moja nzuri: K kwa ufalme wa zamani, watu wake na lugha yao, C kwa mto na kwa inchi mbili za leo. Bakongo walikuwa wamekwisha kuonyesha njia hiyo. Chama cha Kasa-Vubu, Abako, kilichoanzishwa mwaka wa 1950, kiliandika «Bakongo» kwa K ndani ya jina la Kifaransa.

Kiswahili kina njia yake ya kutofautisha. Mukongo ni mtu wa kabila la Bakongo. Mkongomani ni raia wa inchi, awe Mshi, Mluba, Mnande ao Mukongo. Kiingereza hakifanyi hivyo kwa raia wa inchi mbili: neno «Congolese» ni la Kinshasa na la Brazzaville pia, na msikilizaji hawezi kujua ni upande upi wa mto.

Kwa hiyo hatari haiko katika K wala C. Iko katika kukata jina. Anayeandika «Congo» tu kwenye karatasi ya Kiingereza ameacha mlango wazi, na afisa wa ng'ambo atachagua anavyotaka. Jina linapaswa kuandikwa lote, hata kama nafasi ni ndogo. Pale zinapotakiwa herufi tatu tu, kama ndani ya pasipoti, inchi ya Kinshasa ni COD na ya Brazzaville ni COG. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, nayo inaweza kumtenganisha mtoto na inchi aliyozaliwa.